Ajali kazini: kuificha ndiko kunakogharimu

SWALI: Habari mtaalamu. Nina karakana ya samani Keko, mafundi 14, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) nalipa kila mwezi. Mwezi uliopita msumeno ulimkata fundi wangu vidole viwili. Hospitali nimelipa mimi. Rafiki yangu anasema nisiripoti, mchango utapanda. Yupo mshauri atakayemsainisha fundi karatasi kwamba tumemalizana. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, ripoti leo. Sheria inakupa siku saba tangu upate habari za ajali. Umeshachelewa, usizidishe. Ambatanisha taarifa ya daktari, risiti na kumbukumbu za mshahara wake.

Hilo la mchango kupanda naulizwa kila mara, na sijui nani alilianzisha. Tangu Julai 2022, mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa umma au binafsi, anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Ukilipa mishahara ya shilingi milioni 6 kwa mwezi, mchango ni 30,000. Vidole vya fundi wako haviifanyi iwe 31,000. Ila ukinyamaza, matibabu ni yako, ujira wa siku anazouguza mkono ni wako, na ulemavu wa kudumu utakudai wewe. Mfuko umeshaulipa ubebe hayo yote, halafu unayabeba tena mwenyewe na kuita kubana matumizi!

Na huyo mshauri mwambie asije. Sahihi ya mtu mwenye bendeji mkononi, anayeogopa kufukuzwa, haifuti haki yake kisheria. Ana miezi 12 ya kudai. Kidonda kikichacha, mshauri hapokei simu. Atakayeulizwa kwa nini hakuripoti ni wewe.

Gharama hupunguzwa mashineni. Nenda kaangalie kama ule msumeno una kinga, maana mafundi huing'oa ili mbao nene ipite, na bosi anaona, anakaa kimya.

Kuna ujanja mwingine unaonichosha zaidi: fundi analipwa 700,000 lakini mfuko unaambiwa 400,000, nyingine ni ya bahasha. Mwajiri anaokoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Fundi akiumia, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, kwa hiyo anapewa 280,000 badala ya 490,000, na hali hiyo inaweza kwenda hadi miezi 24. Hiyo 210,000 inayopungua kila mwezi atakuja kuidai kwako, na hapo usiniandikie kuuliza mchango ulipanda kwa kiasi gani.