Wasomaji Wanauliza: Walinganishi Watoke Wapi?

Swali: Ndugu wahariri, nasomea afya ya jamii, niko Moshi. Nataka kuchunguza kama chai ya moto sana inahusiana na saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni). Wagonjwa nitawapata hospitali ya rufaa. Je, walinganishi, yaani watu wasio na saratani wa kulinganishwa na wagonjwa, niwachukue kliniki ya tumbo, maana iko jirani?

Jibu: Usiwachukue hapo. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia mara nyingi ameshapunguza chai, kwa maumivu au kwa agizo la daktari. Ukimweka kando ya mgonjwa wako, chai itabebeshwa hatia isiyo yake. Mwaka 1981 huko Marekani kahawa ilihusishwa na saratani ya kongosho. Walinganishi wengi walikuwa wagonjwa wa madaktari walewale wa tumbo, na baadhi yao walikuwa wamepunguza kahawa. Tafiti za baadaye hazikuuthibitisha uhusiano ule.

Kwa kila mlinganishi jiulize: huyu angeugua saratani ya umio, angefika hospitali hii na kuingia kwenye orodha yangu? Kama wagonjwa wako wametoka Rombo na Same kwa rufaa, walinganishi nao watoke huko, wawe wamelazwa kwa magonjwa yasiyohusiana na chai: ngiri, mtoto wa jicho, mifupa. Changanya magonjwa kadhaa. Majeruhi wa pikipiki wasizidi, kwa sababu pombe huchangia ajali na huchangia saratani hii pia. Ukiwa na fedha, wachague walinganishi kwa bahati nasibu kwenye vijiji vya wagonjwa. Ni bora zaidi.

Wagonjwa wawe waliogunduliwa karibuni. Saratani hii huua upesi, kwa hiyo kliniki ya marudio itakupa walionusurika tu. Halafu uliza unywaji wa angalau mwaka mmoja kabla ya shida ya kumeza kuanza, kwani asiyeweza kumeza ameshaanza kupoza chai. Swali la "unapenda chai ya moto?" halifai. Uliza dakika ngapi hupita tangu kumimina hadi funda la kwanza, na kama ni ya maziwa au ya rangi. Kisha tengeneza chai hizo mwenyewe, zipime kwa kipimajoto, upate makadirio ya nyuzi. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani mwaka 2016 ulitaja vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi kuwa huenda husababisha saratani ya umio. Mhoji awe yuleyule kwa makundi yote mawili, tena ikiwezekana asijue unachotafuta.

Wagonjwa wakiwa wachache, ongeza walinganishi hadi 4 kwa kila mgonjwa. Kuvuka hapo ni gharama yenye faida ndogo sana.

Swali: Nimesoma kwamba utafiti wa Doll na Hill wa London, 1950, kuhusu sigara na saratani ya mapafu, ulikuta wavutaji 647 kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, na 622 kati ya walinganishi 649. Je, si sahihi kusema asilimia 51 ya wavutaji waliugua?

Jibu: Si sahihi. Hiyo 51 umeipata kwa kugawa 647 kwa 1,269 (wavutaji wote, 647 + 622), na idadi ya walinganishi iliamuliwa na watafiti. Wangechukua walinganishi mara mbili, asilimia yako ingeporomoka bila sigara kubadilika. Kinachokokotoleka ni uwiano wa odi, yaani wavutaji kwa wasiovuta miongoni mwa wagonjwa (647 kwa 2), ukigawanywa kwa wavutaji kwa wasiovuta miongoni mwa walinganishi (622 kwa 27): (647 × 27) ÷ (2 × 622), takriban 14. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni nadra katika jamii, 14 hiyo inakaribia kuwa uwiano wa hatari, yaani hatari ya mvutaji kuugua ikigawanywa kwa ya asiyevuta.

Hata hivyo itazame mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani masafa ya thamani zinazopatana na data hizi: kama 3.3 hadi 59. Imepanuka hivyo kwa sababu ya wagonjwa 2 tu wasiovuta. Uhusiano upo, lakini usiiapie 14.

Swali: Je, nifananishe wagonjwa na walinganishi kwa kaya, yaani kila mgonjwa nimpe mlinganishi wa nyumba yake?

Jibu: Kwa chai, hapana. Wa nyumba moja hunywa kutoka birika moja, hivyo tofauti unayoitafuta utaifuta mwenyewe. Umri, jinsia na wilaya vinatosha, na ukishavifananisha, viingize kwenye uchambuzi pia.