Usiiache Kemia Yako Mlangoni

Nilikuwa na miaka kama kumi. Ngisi alisahauliwa kwenye beseni uani kwetu, Langoni, mjini Lamu. Usiku nikatoka, nikamkuta anatoa mwanga wa kijani uliotulia tuli. Haukuwa ule mmeto wa kupiga kasia gizani kule Shela. Ule ni wa vijimea vya baharini, huzimika papo hapo. Bibi akaamuru beseni limwagwe. Ngisi akaenda, swali likabaki.

Jibu nililipata Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikisoma kemia: mwanga ule ulikuwa wa bakteria. Bakteria wa namna hii akiwa peke yake hatoi mwanga. Hutoa molekuli ndogo, nayo hupotelea majini. Wakisongamana, molekuli hizo hujaa hadi kiasi fulani, ndipo wote huwaka pamoja. Mwanasayansi Nealson na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1970, na mwaka 1981 molekuli ya bakteria mmoja wa mwanga, Vibrio fischeri, ikajulikana umbo lake: pete ya laktoni (kaboni zilizofungwa duara kwa oksijeni) yenye mkia wa kaboni sita. Kuna bakteria wa vidonda ambao hungoja vivyo hivyo, wakawa wengi kwanza, ndipo wakaachia sumu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza asome nini, humuuliza kwanza ni nini alichowahi kukiona kikamnyima usingizi.

Ushauri wangu wa pili ulinigharimu. Nilipoanza uzamili niliingia maabara ya wanabiolojia nikajiona mgeni, nikanyamaza. Tulitumia bakteria aina ya Chromobacterium asiyeweza kujitengenezea molekuli yake: ni mweupe, lakini ukimpa molekuli hiyo, kesho yake anageuka zambarau. Sahani zangu za kuoteshea bakteria zilikaa nyeupe wiki tano. Wakubwa wakasema bakteria wameharibika, tuagize wengine. Kumbe molekuli niliiyeyusha kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi) ya 8, kama ya bahari, nikaiacha mezani siku mbili tatu. Laktoni kwenye maji ya namna hiyo pete yake hufunguka, na ikifunguka bakteria haitambui tena. Hilo nililijua tangu mwaka wa pili! Sikulisema kwa sababu nilidhani pale kemia haina mnunuzi.

Wiki ya sita niliiandaa upya, safari hii kwenye kiyeyusho chenye asidi kidogo. Asubuhi nilipofungua, kila tundu lilikuwa na duara iliyokolea kama ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Nililia.

Basi ukiingia kwa watu wa fani nyingine, jifunze yao kwa adabu, na yako uyaseme siku ya kwanza. Helen Blackwell wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison ni mkemia, na kazi yake kubwa ni kuunda molekuli zinazofanana na za bakteria ili kuwavurugia mawasiliano. Maombi ya ufadhili yatakataliwa, utaandika tena. Daftarini andika pH na saa, kila mara.

Januari 1995, msimu wa kaskazi, meli ya Lima ilipita usiku kwenye bahari iliyotoa mwanga mweupe kama maziwa nje ya pwani ya Somalia, jirani zetu hapa. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha eneo la kilomita za mraba 15,400, na bakteria ndio wanaodhaniwa. Kama babako ni nahodha, muulize leo kama amewahi kuiona. Andika mwezi, upepo, na maji yalikuwaje yalipochotwa kwa ndoo.