Taaluma ya Mipango na Uchumi wa Ardhi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehitimu kidato cha sita kwa mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati. Ningependa kufanya kazi ya kuhifadhi ardhi, lakini jamaa zangu wanasema hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori tu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mchepuo wako unakufaa sana. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, halmashauri ya kijiji huandaa mpango unaotenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho na misitu, kisha mpango huo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili wananchi wauidhinishe. Hapo ndipo mtaalamu wa uchumi wa ardhi anapohitajika, kwa kuwa mkaa na mahindi vina bei sokoni, ilhali msitu unaolinda chanzo cha maji hauna, na lazima mtu akokotoe kijiji kitapoteza nini ukifyekwa. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ngumu na tamu ya kazi hii. Ramani hujifunzwa upesi zaidi.

Kwa masomo, fikiria Chuo Kikuu Ardhi kilichopo Dar es Salaam kwa upande wa mipango, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwa uchumi wa kilimo na maliasili. Waajiri ni pamoja na halmashauri za wilaya, Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi na mashirika ya uhifadhi. Jizoeze pia kusikiliza, maana mikutano ya wakulima na wafugaji huwa mirefu.