Mjukuu kazaliwa Marekani: ni raia wa wapi?

SWALI: Kijana wangu na mkewe, wote wazaliwa wa Moshi, wako Marekani kwa viza ya wanafunzi. Novemba 2024 walijaliwa mtoto. Nasikia huko wanataka kufuta uraia wa kuzaliwa. Bunge lao likiamua, mjukuu wangu atanyang'anywa? Na huku ni Mtanzania?
– Bibi, Majengo, Moshi

JIBU: Hongera kwa mjukuu, mama. Amri ya Rais Trump ya tarehe 20 Januari 2025, ya kuwanyima uraia watoto wa wageni wa muda kama hao, iliwagusa watakaozaliwa kuanzia siku 30 baadaye, hivyo mjukuu wako alishatangulia. Tena mahakama iliizuia kabla haijaanza kutumika.

Bunge lao lina mamlaka juu ya uraia wa tajnisi, yaani wa mgeni anayeomba. Uraia wa kuzaliwa umo ndani ya Katiba yenyewe, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, na kuigusa Katiba kunataka theluthi mbili za kila baraza la Bunge na majimbo 38 kati ya 50. Ubishi uko kwenye maneno machache: aliyezaliwa awe "chini ya mamlaka" ya nchi. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ilimkubali kuwa raia Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco mwenye wazazi Wachina. Wanaopinga uraia huu hudai wazazi wale walikuwa wakazi, si wapita njia. Kwa maoni yetu hoja hiyo ni dhaifu: mwanafunzi mgeni akivunja sheria, si anashtakiwa huko huko? Basi naye yuko chini ya mamlaka yao.

Hapa nchini anayetaja nani ni raia si Katiba, ni Sheria ya Uraia ya 1995. Kwayo mjukuu ni raia wa kurithi, kwa kuwa wazazi wake ni raia wa kuzaliwa. Akija kuzaa nje, mtoto wake harithi kupitia kwake. Uraia pacha ni wa utotoni tu, ukubwani atachagua.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Kijana aombe cheti kirefu cha kuzaliwa cha mtoto, chenye majina ya wazazi. Kifupi mara nyingi hakina. Majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya cheti cha kuzaliwa cha kijana mwenyewe, cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na pasipoti yake. Kimoja kikiwa na majina mawili na kingine matatu, aandae kiapo kwa wakili mapema. Mtoto akishuka uwanja wa ndege wa KIA na pasipoti ya Marekani pekee, atahesabiwa mgeni na kulipiwa viza dola 100. Waombe ya Tanzania ubalozini Washington kabla ya safari, na ile ya Marekani waje nayo, maana ndiyo atakayorudia.