Ukweni na Watoto Wadogo: Nenda Sasa, Usisubiri Wakue

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja wa Mbagala. Mume wake ni Mfipa wa Sumbawanga, wana watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya, na familia ya mume imewaita waende mwezi wa sita shule zikifungwa. Anaogopa safari, anaogopa baridi, anaogopa chakula, na zaidi ya yote anaogopa maneno ya mawifi. Mume ameshamwambia kwamba ikibidi watalala lodge mjini, wawe wanakwenda kwa wazee mchana tu. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, si bora nisubiri wakue kidogo?"

Hapana, mdogo wangu. Usisubiri.

Mimi ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa na Muhaya, na Desemba iliyopita tulikuwa Bukoba kijijini na watoto wetu watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na wa mwaka na nusu. Kabla ya hapo bibi yao ndiye aliyekuwa anakuja Dar kutuona. Mwaka huu ada, mwaka ule mimba, mwaka mwingine mume hajapata likizo, na Bukoba si Bagamoyo kwamba utaamka asubuhi uende. Sababu zilikuwa za kweli na nilikuwa na amani nazo, mpaka siku ya harusi moja ya ukoo pale Dar. Tumekaa meza moja, watoto wanacheza, mtu akauliza wale ni wa nani, na wifi yangu akajibu kwa sauti ya kusikika: "Hao ni watoto wa mama yao."

Anayewafahamu Wahaya anajua uzito wa hilo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, na ukoo una kibanja chake, yaani shamba linalozunguka nyumba, na humo kibanjani, katikati ya migomba na mibuni, ndimo wazee wanamozikwa. Kusema watoto ni wa mama yao ni kusema hawana pao pale. Sikujibu siku ile. Neno hilo limenikaa mpaka leo na sijifanyi kwamba limetoka.

Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma, ambako mtoto wa chini ya miaka 4 halipiwi na wa miaka 4 hadi 12 analipiwa nusu. Kutoka Dodoma basi hadi Mwanza, kilomita karibu 700, huko ndiko watoto wanakochoka na wewe unachoka kuliko wao. Mwanza tukapumzika kwa binamu wa mume wangu mpaka sura za watoto zikarudi. Usijaribu kuunganisha moja kwa moja na watoto wadogo. Tafuta ndugu wa njiani, mpelekee kilo mbili tatu za mchele, lala kwake.

Ila pale Mwanza palitokea jambo ambalo nataka ulishike. Mume wangu alitaka tumalizie kwa meli. MV Victoria imerudi ziwani tangu 2020 baada ya ukarabati mkubwa, inaondoka Mwanza usiku na asubuhi mko Bukoba, watoto wamelala njia nzima. Kwa hesabu ya mama mwenye watoto, ungetafuta nini tena? Mama mkwe akakataa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikitokea Bukoba, mamia ya watu wakafa, na kaka yake mama mkwe alikuwa humo. Mwili wake haukutambuliwa. Pale Igoma kuna makaburi ya waliozikwa pamoja, na yeye anaamini kaka yake yuko pale. Kwenye simu alisema sentensi moja: "Wajukuu zangu hawapandi meli."

Mume akaanza kumweleza habari za ukarabati na maboya ya kisasa. Nikaomba simu, nikamwambia, "Sawa mama, tunakuja na basi." Akanyamaza kidogo, akasema ahsante.

Basi tukapita daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, mahali ambapo zamani mlikaa kwenye foleni ya kivuko watoto wanalia. Sengerema, Geita, Muleba, mvua, migomba, mvua tena. Na tulipofika, jirani wa kwanza aliyekuja kutusalimia aliambiwa na mama mkwe, mbele yangu, kwamba mkwe wake amemsikiliza. Akaambiwa pia jirani wa pili, na wa tatu. Wakwe wana hofu zao, na nyingine zina jina na kaburi ndani yake. Usibishane nazo kwa takwimu. Kama unaweza kuzifuata, zifuate, maana utakuwa umeingia kwenye nyumba ile kabla hujavua viatu.

Sasa chakula. Hapa nilijiandaa na ninasema kwa kujivunia. Mwezi mzima kabla ya safari nilikuwa naenda Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, nanunua ndizi za Bukoba, nawapikia na maharage, siku nyingine na samaki, bila nazi. Kwetu sisi watu wa Tanga ndizi bila tui ni adhabu, lakini nilipika bila tui, nikala nao. Yule wa miaka 4 alikataa, akalia, kesho yake nikamwekea tena. Mpaka tunaondoka Dar alikuwa anaomba nyongeza.

Siku ya kwanza ukweni, wifi yangu alikuwa amepika sufuria ndogo ya wali na kuuweka pembeni. "Huu wa watoto wa Dar," akasema. Wanangu wakakaa mkekani na wenzao, wakala ndizi kwa mikono, wakaramba mchuzi. Wali ukabaki vilevile hadi jioni. Sikusema neno. Lakini nilifurahi, na ninaliandika hapa bila kuona haya.

Kwa hiyo dada yangu wa Mbagala, anza leo. Muulize mume wako alikuwa anakula nini utotoni kwao. Kama ni ugali wa ulezi, tafuta unga wa ulezi sokoni uwazoeshe wanao sasa. Mtoto akisukuma sahani ya bibi yake, bibi haoni mtoto asiyejua chakula, anaona mama aliyemfundisha kudharau.

Tulifika msimu wa senene. Kwa asiyejua, senene ni wadudu jamii ya panzi; mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili wanaruka kwa wingi Kagera, watu wanawakamata usiku kwa taa, na asubuhi nyumba nzima inakaa chini kuwanyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga. Hawahitaji mafuta, wana mafuta yao wenyewe; chumvi inatosha. Kazi ya kunyonyoa inataka vidole vidogo na subira, na ni kazi ya watoto. Mkubwa wangu aliitwa na binamu zake, akasita, akanitazama. Mimi nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba kufua nguo ambazo hazikuwa chafu sana. Nilipochungulia baadaye alikuwa amekaa katikati yao, mikono imemnata, wanahesabu kwa Kihaya nani amemaliza wengi. Alijua kuhesabu hadi kumi kwa Kihaya siku ile ile, kitu ambacho baba yake alimfundisha Dar kwa miaka na hakikuingia.

Kuanzia hapo sikumwona tena mchana. Alikwenda kisimani nao, alichunga mbuzi nao, alirudi na matope mpaka masikioni. Jioni anapiga magoti kuwasalimia wazee kama alivyoona mabinti wenzake wanafanya. Sikumfundisha mimi. Alifundishwa na mtoto wa wifi yangu, yule yule wifi.

Akina mama wa mjini, tuwaachie watoto. Nimewaona wengi wanaokwenda kwa wakwe halafu mtoto anakaa mapajani mwao tangu asubuhi hadi usiku, simu mkononi, "usiende huko kuna matope", "usishike hicho kichafu". Mtoto huyo amefika kijijini lakini hajafika kwa ndugu. Mpe kazi. Achote maji kwa kidumu kidogo, amenye ndizi, aokote kuni, atumwe kwa jirani na binamu yake. Mtoto anayetumwa anajulikana jina nyumba kumi, na mtoto mgeni anabaki anaitwa "yule wa Dar". Na umri wa hilo ni huu walio nao sasa. Ukimpeleka akiwa na miaka 14 ataingia chumbani na simu yake, na hutamtoa.

Jambo moja tu usiliachie mkono: afya. Hapo nisikilize vizuri.

Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Nilibeba vyandarua vyenye dawa, nilivitundika mwenyewe, kila jioni niliwavalisha watoto mikono mirefu. Hata hivyo usiku mmoja mwanangu wa mwisho akachemka. Wifi akasema wamwogeshe kwa maji ya majani, tungoje kukuche. Nikamwambia shemeji yangu mdogo awashe pikipiki. Wifi akasimama mlangoni: "Kwani sisi hatujalea? Hawa waliokua hapa walikua kwa nini?" Nikamjibu kwa heshima, "Mmelea wifi, na majani mtamwogesha tukirudi," nikampita. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikasoma malaria, tukapewa dawa mseto na maelekezo: asubuhi na jioni kwa siku 3, na kila dozi apate maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifanye kazi.

Mama mkwe hakusema kitu usiku ule. Kesho yake alfajiri nilimkuta ameshaamka, amechemsha maziwa, anasubiri saa ya dawa. Dozi zote zilizobaki alimnywesha yeye mwenyewe, na majani pia alimwogesha, na mimi sikuwa na neno. Wifi alinuna siku kadhaa. Bado nasema ningeondoka na mtoto hata kama angelala kizingitini. Mtoto wa chini ya miaka 5 akipata homa usiku, hakuna wa kumwomba ruhusa. Pima kwanza, heshima utairudisha kesho. Beba kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, dawa ya maji ya homa na pakiti za chumvi-sukari za kuharisha, na siku unayofika tu uliza zahanati iko wapi na nani ana pikipiki inayowaka usiku.

Kabla hatujaondoka, kaka mkubwa wa mume wangu aliwachukua watoto kibanjani. Akawaonyesha kaburi la babu yao na la baba wa babu yao, akawatajia majina. Halafu akang'oa chipukizi la mgomba, akamwambia mkubwa achimbe shimo. Alipanda mwenyewe. Baba mkubwa akasema mbele ya watu wote, mbele ya wifi yangu pia, kwamba huo ni mgomba wa mtoto wa nyumba hii na asiukate mtu. Nililia, na waliokuwepo waliniona. Sasa kila tukipiga simu Bukoba, mwanangu haulizi habari za mtu kwanza, anauliza mgomba wake una majani mangapi.

Wifi hakuniaga vizuri. Alitoa mkono huku anaangalia pembeni. Sitakudanganya kwamba ukienda ukweni na watoto kila kidonda kitafunga. Kuna mtu hatakupenda hata ukimenya ndizi za kijiji kizima. Nenda hivyo hivyo, maana wanaokwenda kupata ndugu ni watoto, na binti zake wifi walimlilia mwanangu mpaka basi likaondoka.

Kuhusu lodge, mwambie mume wako aiondoe kichwani. Ukilala lodge unakuwa mgeni wa mchana: unapikiwa, unasindikizwa, na jioni wanabaki wanakujadili. Binamu wanazoeana usiku, wakilala sita kwenye mkeka mmoja. Hiyo pesa ya lodge nunua kilo 10 za sukari, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, kitenge cha mama mkwe na khanga za mawifi, wote bila kubagua, hata yule mwenye maneno. Mimi nilibeba pia nazi kutoka Dar, nikawapikia wali wa nazi na samaki siku ya Krismasi, na mama mkwe aliomba sahani ya pili.

Mwezi wa sita Sumbawanga ni baridi kweli, si ya kusimuliwa. Sweta mbili mbili, soksi, kofia, na blanketi zito la yule anayenyonya. Lala Mbeya mkiwa njiani, Tunduma hadi Sumbawanga mtamalizia kesho yake mchana, watoto wakiwa wameamka vizuri na wewe umeshaoga, umevaa gauni lako zuri. Tiketi kata mwezi wa tano mwanzoni, maana shule zikifungwa mabasi yanajaa. Na leo jioni mpigie mama mkwe wako wewe mwenyewe, usimwachie mume. Mwambie mnakuja, na muulize umletee nini.