Alitutafuta kwa macho

Wiki hii mmeuliza: mwenzako wa maandamano akishtakiwa, kuna maana gani kwenda kukaa mahakamani ilhali huna la kusema? Najibu kwa sababu zaidi ya mwaka sasa hiyo ndiyo kazi yangu, kwenda kukaa.

Siku ya kwanza mwenzetu aliletwa kutoka mahabusu ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Mkanda walishauchukua, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alipopanda kizimbani hakumtazama hakimu wala wakili. Alizungusha macho kwenye mabenchi ya nyuma mpaka akatuona. Tulikuwa watu 11. Mabega yake yakashuka, akavuta pumzi, na aliposomewa shitaka akajibu kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Si kweli." Baadaye aliniambia kwamba kule ndani usiku kucha alikuwa akiambiwa wenzake wamemkimbia, na kulipokaribia kucha alishaanza kuamini.

Hilo peke yake lingenitosha, ila kuna jingine. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 10, linampa kila mtu haki ya kusikilizwa hadharani na mahakama iliyo huru. Hadharani bila watu ni chumba tu kilichoachwa mlango wazi. Wakoloni walilielewa hili vizuri. Walipomshtaki Jomo Kenyatta na wenzake watano mwaka 1952, kesi waliipeleka Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mahali ambapo wafuasi wake wasingefika kirahisi. Kama watazamaji hawana uzito, safari yote ile ilikuwa ya nini?

Kinachowachosha watu ni kutajwa kwa kesi. Unafika asubuhi, unasubiri kwa muda wa saa tatu, jalada linaitwa, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Dakika mbili, basi. Kesi ilipotajwa mara ya tatu, kati ya wale 11 tulibaki 3. Siwalaumu, watu wana kazi na watoto. Lakini mshtakiwa hana hiari hiyo: asipofika dhamana yake inaweza kufutwa, kwa hiyo yeye huja kila mara, na siku hizo ambazo hakuna kinachotokea ndizo zinazomla. Tukapanga zamu, watu wawili wawili, na daftari moja la kupokezana. Tuliandika tarehe, jina la hakimu, sababu ya kuahirisha, nani hakufika. Wakili wa kwanza alipojitoa, aliyempokea alianza kwa kuliomba daftari hilo.

Anayetaka kwenda, aende akijua kuwa mle ndani si uwanjani. Siku ile ya dhamana tulipiga makofi, mmoja wetu akaita kauli tuliyokuwa tukiiita barabarani. Hakimu aliinua kichwa, akasema ikirudiwa atatutoa wote. Mwenzetu alitutazama kwa hofu ambayo sijaisahau, kwani ni yeye ambaye angebaki mle peke yake. Tangu siku hiyo tunazima simu kabla ya kuingia, tunasimama hakimu anapoingia, tunakaa kimya. Kesi hatuizungumzii hata kwenye korido, maana humjui aliyekaa pembeni yako.

Na jambo ambalo sisi hatukuambiwa mapema: kama ulishuhudia mwenzako akikamatwa, mwambie wakili kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Shahidi hukaa nje mpaka aitwe, asije akasikia ya wengine na kuyachanganya na yake. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake alipokamatwa. Kwa hiyo ushahidi ulipoanza, siku nilizozisubiri kuliko zote, nilikaa kwenye benchi la nje nikiusikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Nilihesabu walioingia kwa ajili yake: 14. Nilipoitwa hatimaye na kupita katikati ya mabenchi kwenda kuapa, yote yalikuwa yamejaa.

Hukumu imepangwa mwezi ujao. Ushahidi nimeshatoa, sasa naruhusiwa kukaa ndani.