Wageni wenye biashara ndogo: wanatubeba au wanatumaliza?

SWALI: Mhariri habari za kazi, naomba nijibiwe bila kupepesa macho. Wageni kutoka nchi nyingine wakija wakafungua biashara ndogo mtaani si wanatuchukulia riziki tu? Wanauza bei ya chini mpaka unajiuliza faida wanaipata wapi, alafu hela yote wanatuma kwao. Mfanyabiashara mdogo.

JIBU: Salama ndugu yangu. Wewe unayeuza kitu kilekile anachouza yeye, ndio, utaumia, anayekwambia kila mtu anafaidika hajawahi kukaa nyuma ya kaunta. Ila wewe ukifunga biashara mtaa mzima unajua nani kafunga, wakati faida imegawanyika vipande vidogo vidogo, mteja kapunguziwa hela kidogo, mwenye fremu iliyokaa tupu kapata mpangaji, muuza jumla kaongeza oda, kijana kapata kibarua, na hakuna hata mmoja wao atakayeniandikia barua.

Hiyo bei ya chini sio uchawi. Mara nyingi wanaungana wananunua mzigo mkubwa kwa bei ambayo wewe peke yako hupewi, wanacheza upatu badala ya kukimbilia riba ya benki, na familia nzima inashinda kazini toka asubuhi mpaka usiku bila mtu kulipwa mshahara. Hapo pa mwisho sipapendi kabisa, kuna mke na watoto jasho lao halihesabiwi popote. Na wengi hawakupanga kuwa wauzaji, unakuta ni mwalimu au fundi mwenye cheti ambacho nchi aliyohamia haikitambui.

Kutuma hela kwao ni kweli wanatuma, lakini inayotumwa ni ile iliyobaki, na biashara ndogo inabakiwa kidogo, pango na umeme na mzigo vimeshalipwa hapohapo. Ishu ni anayekwepa kodi na leseni wakati wewe unalipa. Hapo una haki ya kupiga kelele, ila mpigie anayekagua, maana wazawa wakwepaji nao wapo tele.

Kuhusu kuwafukuza, Uganda ilishajaribu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, maduka wakagawiwa wanajeshi na watu wao, baadae sukari na chumvi zikawa za kutafuta, kwasababu duka unaweza kumnyang'anya mtu ila kujua mzigo unatoka kwa nani na nani anakopesheka, hicho kichwa alipanda nacho ndege. Wengi walienda Uingereza, halmashauri ya Leicester ikatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende kwao, wakaenda tu, na leo Belgrave Road pale Leicester inajulikana kwa maduka yao. Serikali ya Museveni ndo ikaja kuwakaribisha warudi wachukue mali zao.

Sasa wewe usishindane naye bei, utaisha. Tafuta wenzako watatu wanne mnaouza vitu vya aina moja, mchange, mnunue mzigo wa pamoja angalau mara moja muone bei itashukaje, na mkubaliane kabla nani anashika hela na nani anaandika. Mkishafanya niandikie tena uniambie imekuwaje, hasa hapo kwenye kushika hela, maana najua vikundi vingi vinavunjikia hapo.